Steshenari ya Ngamiani: uchapaji wa kuaminika, usiri wa kupigiwa mfano, na daftari moja linalotia shaka

Steshenari ninayoitathmini hapa iko Ngamiani, jijini Tanga, katika mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba, ubavuni mwa fundi baiskeli na mkabala na duka la kanga. Inatoa huduma zote ambazo mkazi wa Tanga huzitarajia mahali pa namna hiyo: kuchapa, kurudufu, kuskani, kubana vitabu kwa waya, kupiga picha za pasipoti, kujaza fomu za mikopo na za ajira, na kukodisha kompyuta sita zenye intaneti kwa saa. Mimi nimeitumia kwa kazi nzito, nayo ni kuandaa makabrasha ya hukumu za mahakama kuhusu serikali kuyafuatilia mawasiliano ya raia, kwa ajili ya kikundi cha wasaidizi wa kisheria tunaosoma pamoja. Kwa sababu hiyo nimeupima uchapaji wao, na nimepima pia jinsi wanavyozishughulikia taarifa za mteja, tena kwa vipimo vilevile ambavyo hukumu zile zinavitumia kuipima dola.

Pengine mtu ataona ni uonevu kumpima mama mwenye mashine mbili za kurudufu kwa kipimo walichopimiwa mawaziri na wakuu wa upelelezi. Mimi sioni hivyo. Nakala ya kitambulisho cha NIDA, cheti cha ndoa, majibu ya hospitali na barua ya kuachishwa kazi hupita juu ya kaunta ya steshenari kabla hazijafika ofisi yoyote, na tangu usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, watu wamezoea kuitaja namba yao ya kitambulisho mahali popote inapoulizwa, tena kwa sauti, foleni nzima ikisikia. Anayetaka kuzijua siri za mtaa huu hana haja ya mitambo ya kunasia simu. Aingie steshenari mchana mmoja akae kwenye benchi.

Nianze na uchapaji, maana ndiyo kazi iliyoandikwa kwenye kibao cha mlangoni. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya India ya tarehe 24 Agosti 2017, katika shauri lililofunguliwa na jaji mstaafu K. S. Puttaswamy, ina kurasa 547, na ndani yake majaji tisa walikubaliana kwa kauli moja kwamba faragha ni haki ya msingi inayolindwa na katiba ya nchi yao. Ni mtihani mzuri kwa mashine yoyote ya kuchapa. Hapa waliichapa pande zote mbili za karatasi, wino haukufifia hadi ukurasa wa mwisho, tanbihi zake ndogo zilisomeka, na wakaigawa vitabu viwili kwa sababu, kama alivyonieleza kijana wa mashine, waya mkubwa kuliko yote walio nao haushiki zaidi ya karatasi mia mbili. Kitabu cha pili kilitoka na kurasa kadhaa zilizokaa kichwa chini, na nilipozionyesha walizichapa upya bila ubishi na bila kudai senti. Jalada la plastiki la mbele ni jepesi mno na hujikunja kwa joto la Tanga. Ni vyema kuomba manila pande zote mbili, ijapokuwa inaongeza gharama kidogo.

Kilichonifanya niendelee kurudi ni namna wanavyolipokea faili la mteja. Kompyuta ya kuchapia imewekwa upande wa mteja wa kaunta, naye huombwa achomeke flashi yake mwenyewe, afungue faili analolitaka na kusimama hapo mpaka lichapwe. Kazi ikiisha, kijana huifuta nakala yoyote iliyobaki, kisha hufungua pipa la taka la kompyuta na kulimwaga huku mteja akitazama. Wanaotuma nyaraka kwa WhatsApp hutuma kwenye simu moja ya duka, ambayo haitoki nje ya duka, na ambayo mazungumzo yake yamewekwa yajifute yenyewe baada ya saa 24. Nawajua wenye steshenari ambao nyaraka za wateja wao zimetapakaa katika simu binafsi za wafanyakazi, hata wale walioacha kazi zamani, na hakuna anayeona ajabu.

Hata hivyo utaratibu huu una tundu. Nikisubiri zamu yangu niliona, kwenye folda ya mafaili yaliyopakuliwa kutoka ile simu, orodha ya majina ya mafaili ya wateja walionitangulia: dai la talaka, majibu ya vipimo, mkataba wa kuuziana shamba wenye jina la mnunuzi. Sikufungua hata moja, wala haikuwa lazima, kwa kuwa majina ya mafaili peke yake yalinipa habari nisiyostahili kuwa nayo. Mwenye duka, mama wa makamo ambaye vijana wake na nusu ya wateja humwita Shangazi, alinieleza kwamba folda hiyo husafishwa jioni wakati wa kufunga. Kwa aliyetuma dai la talaka saa tatu asubuhi, jioni ni mbali.

Hoja kwamba maelezo ya nje si siri ilimradi yaliyomo ndani hayajasomwa ina historia ndefu mahakamani. Katika shauri la Timothy Carpenter, mshtakiwa wa ujambazi, serikali ya Marekani ilidai kwamba kumbukumbu za minara ambayo simu yake iliungana nayo hazikuwa mazungumzo yake, na kwamba alikwisha kuzikabidhi kwa kampuni ya simu, hivyo hakuwa na faragha ya kudai juu yake. Wapelelezi walikuwa wamepata kumbukumbu za siku 127, zenye alama 12,898 za mahali simu ilipokuwa, bila kuwa na hati ya upekuzi. Tarehe 22 Juni 2018 Mahakama ya Juu, kwa majaji watano dhidi ya wanne, iliikataa hoja hiyo, ikiona kwamba mfululizo wa maelezo ya nje, yakikusanywa kwa muda mrefu kiasi hicho, unaufichua undani wa maisha ya mtu. Jambo hilo la kukabidhi linatugusa sana sisi wateja wa steshenari, kwa kuwa kila tunachokiacha kaunta tumekikabidhi kwa mikono yetu wenyewe.

Kwa upande wa kompyuta za kukodi, duka halina uhuru mkubwa. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, na zile za mwaka 2020 zilizochukua nafasi yake, zinamtaka mwenye mgahawa wa intaneti amsajili kila mtumiaji baada ya kuona kitambulisho chake, aweke kamera inayorekodi yanayotendeka ndani, na azitunze picha hizo pamoja na daftari la watumiaji kwa miezi 12. Kanuni za mwaka 2018 zilipingwa mapema: mashirika ya kutetea haki za binadamu na ya wanahabari yalikwenda Mahakama Kuu kule Mtwara, yakapata zuio la muda mwanzoni mwa Mei 2018, na kabla mwezi haujaisha shauri lao likatupwa. Kwa hiyo daftari lipo na kamera ipo, na mteja anayemfokea binti wa kaunta kwa kuulizwa kitambulisho anamfokea mtu asiyehusika.

Linalowahusu wao ni jinsi daftari lenyewe linavyowekwa, na hapo wamefanya jambo dogo ambalo sijaliona kwingine Tanga. Daftari limefunikwa kwa kipande cha boksi gumu kilichotobolewa upenyo wa mstari mmoja tu. Unaandika jina, namba ya kitambulisho, namba ya kompyuta na saa ya kuingia ndani ya upenyo huo, kisha binti anakisogeza chini kwa ajili ya anayefuata. Waliokutangulia huwaoni, na atakayekuja nyuma yako hatakuona. Hakikugharimu kitu zaidi ya wembe na rula. Kasoro ni kwamba foleni ikiwa ndefu, hasa wakati wa maombi ya mikopo ya wanafunzi, boksi huwekwa kando ili mambo yaende haraka, na ukurasa mzima wa majina na namba unabaki wazi mbele ya kila mtu. Ni wakati huohuo wenye watu wengi ambapo boksi linahitajika zaidi.

Kamera nayo imeelekezwa mlangoni na kwenye viti, mbali na vioo vya kompyuta. Niliomba kuonyeshwa picha yake ili nijiridhishe, nikaonyeshwa bila kununiwa: nyuso zinaonekana, migongo ya kompyuta inaonekana, maandishi hayaonekani. Mashine ya kurekodia imefungiwa kabatini na ufunguo anao Shangazi peke yake. Katika duka jingine la mjini, ambalo sitalitaja, kamera imening'inizwa juu ya mabega ya wateja na picha yake inaonyeshwa kwenye televisheni ya kaunta, kiasi kwamba anayesubiri kopi zake anaweza kusoma barua pepe ya mtu anayeiandika. Maduka yote mawili yametimiza sharti lilelile la kanuni, na hakuna mkaguzi atakayeona tofauti kwenye karatasi.

Miezi 12 ni muda mrefu. Umoja wa Ulaya ulikuwa na agizo la mwaka 2006 lililozilazimu kampuni za simu na intaneti kutunza kumbukumbu za mawasiliano ya wateja wote kwa muda usiopungua miezi 6 na usiozidi miaka 2, na mahakama ya umoja huo ililibatilisha tarehe 8 Aprili 2014, katika shauri lililofunguliwa na shirika la Digital Rights Ireland, kwa sababu agizo liliwakusanya watu wote bila kumbagua mshukiwa na asiyehusika, na halikuweka mipaka ya kutosha kuhusu nani aruhusiwe kuziona kumbukumbu hizo. Nilimsimulia Shangazi hukumu hiyo wakati vitabu vyangu vikibanwa. Alisikiliza kwa makini, kisha akauliza swali la mfanyabiashara: “Sasa mwalimu, hiyo miezi kumi na miwili ikiisha, nani anayenikumbusha kufuta?” Hakuna anayemkumbusha. Ameamua mwenyewe kwamba kurasa zilizotimiza mwaka zichanwe na kuchomwa uani, na picha zilizopita muda zifutwe, na huo ni uamuzi ambao taasisi kubwa zenye idara nzima za sheria bado hazijaufikia.

Swali langu gumu kuliko yote lilikuwa hili: akija mtu na kutaka kujua nani aliyekaa kompyuta namba nne Jumanne iliyopita, duka litafanya nini? Jibu lake lilikuwa fupi. “Namwomba karatasi. Karatasi ikiwa ya halali, ninachodaiwa nakitoa. Kisichokuwepo siwezi kukitoa, hata wakinifunga.”

Jibu hilo linalingana na hali halisi ya sheria kuliko yeye mwenyewe anavyofahamu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 32, inampa afisa wa polisi anayesimamia kituo uwezo wa kumwamuru mtu yeyote mwenye data inayohitajika katika upelelezi wa jinai aitoe, bila amri hiyo kupita kwanza kwa hakimu. Kampuni ya Jamii Media, inayoendesha jukwaa la mijadala mtandaoni la JamiiForums, ilikipinga kifungu hicho katika Mahakama Kuu baada ya polisi kuitaka iwafichue baadhi ya watumiaji wake, na mwaka 2017 Mahakama ikakataa kukifuta. Mwanzilishi mwenza wake, Maxence Melo, alikuwa amekwisha kukamatwa Desemba 2016 na kufikishwa mahakamani kwa kesi zilizotokana na kukataa kuzitoa taarifa hizo. Kabla ya hapo, katika shauri la Jebra Kambole, Mahakama Kuu ilikuwa imevikagua vifungu kadhaa vya sheria hiyohiyo na kukiona kifungu cha 50 pekee kuwa kinakwenda kinyume cha Katiba. Basi mwenye steshenari hana ubavu wa kushindana na amri ya mkuu wa kituo, na simshauri ajaribu. Uwezo alio nao ni wa kuamua mapema, kabla hajaja mtu yeyote na karatasi yoyote, kitu gani kisiwemo kabatini, na uwezo huo wameutumia vizuri kuliko maduka mengine niliyoyaona.

Lipo jambo ambalo duka haliwezi kuliahidi, nalo ni kumjulisha mteja pale taarifa zake zinapochukuliwa kwa amri. Hapa inaingia hukumu ninayoipenda kuliko zote katika kabrasha letu. Mwanahabari wa Afrika Kusini, Sam Sole, wa kituo cha uandishi wa uchunguzi cha amaBhungane, alishuku tangu mwaka 2008 kwamba simu yake inasikilizwa, akauliza, akajibiwa kwamba kila kitu kimefuata sheria. Uthibitisho aliupata mwaka 2015, vipande vya mazungumzo yake vilipotokea katika nyaraka za kesi nyingine kabisa. Tarehe 4 Februari 2021 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliona sheria ya kunasa mawasiliano ina upungufu wa kikatiba, mojawapo ikiwa ni kwamba haikumpa mtu aliyesikilizwa haki ya kuja kuambiwa baadaye, hata upelelezi ukiwa umekwisha na siri haina kazi tena. Bunge lilipewa miezi 36 ya kurekebisha.

Naipenda kwa sababu inakata mzizi wa tatizo ambalo mahakama nyingine zimelizunguka. Mwezi Februari 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ililitupa shauri la Amnesty International na wenzake la kupinga sheria ya kunasa mawasiliano, pia kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwa kuwa walalamikaji hawakuweza kuonyesha kwamba mawasiliano yao yalinaswa au yangenaswa kwa hakika. Ilipofika Juni ya mwaka huohuo, nyaraka za siri alizozitoa Edward Snowden, zilizoonyesha jinsi serikali hiyo ilivyokuwa ikinasa mawasiliano kwa wingi, zikaanza kuchapishwa magazetini. Kwetu, sheria ya utekelezaji wa haki na wajibu wa msingi ilirekebishwa mwaka 2020, na sasa anayekwenda Mahakama Kuu kudai haki zilizo katika Katiba anatakiwa aeleze kwa kiapo jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Ibara ya 16 inamhakikishia kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na ya mawasiliano yake, lakini mtu ataapaje juu ya athari ambayo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba imempata?

Nililiuliza duka, kwa mzaha nusu, kama wana kumbukumbu ya walioomba kumbukumbu. Wanayo. Ndani ya jalada la daftari la watumiaji kuna karatasi ambamo huandikwa kila ombi la kutaka kuonyeshwa majina au picha. Nilipoiona, palikuwa na mume anayemtafuta mkewe, mzazi anayemtafuta mwanawe, na kijana aliyedai ni afisa wa benki, wote walikataliwa. Amri ya ofisi yoyote haikuwemo. Karatasi ile inafundisha kwamba hapa mtaani macho ya kuogopwa si ya dola peke yake, na kwamba boksi lenye upenyo linawazuia wengi ambao kanuni hazikuwafikiria.

Karatasi zilizoharibika nazo zinatunzwa kwa uangalifu. Kopi iliyotoka vibaya huchanwa vipande vinne mbele ya mteja na kutiwa kwenye gunia linalochomwa pamoja na kurasa za daftari. Hili si dogo, kwa sababu zipo steshenari zinazouza karatasi chakavu kwa wauza karanga, na yeyote anayenunua karanga stendi ya Kange amewahi kukunjua kifungio na kukuta nusu ya fomu ya mkopo, ikiwa na jina, namba ya simu na sahihi ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana, zisitunzwe kupita muda unaohitajika, na zilindwe. Na kwa mtu binafsi anayezifichua kinyume cha sheria, adhabu ni faini kuanzia shilingi 100,000 hadi shilingi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Sheria hiyo yenyewe imekwisha kupimwa mahakamani: mwaka 2024, katika shauri la Tito Magoti dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Mahakama Kuu iliona baadhi ya vifungu vyake kuhusu ukusanyaji wa taarifa havieleweki mipaka yake, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Tume inayoisimamia ilizinduliwa Aprili 2024. Nilipouliza kama duka limejisajili katika Tume hiyo, kijana wa mashine alisema wameisikia redioni. Nawashauri wasiishie kusikia.

Sasa nifike kwenye daftari la pili, lile linalonitia shaka. Duka linajaza fomu za mtandaoni kwa niaba ya wateja, na kila fomu inafungua akaunti, na kila akaunti ina nywila. Nywila hizo, pamoja na jina la mteja, barua pepe yake na namba yake ya kitambulisho, huandikwa katika daftari la kaunta kubwa linalokaa kwenye droo isiyo na kufuli, na wala hazifutwi, si baada ya mwezi wala baada ya mwaka. Shangazi hakulificha, na utetezi wake una uzito: “Mwalimu, wanasahau. Mtoto anarudi mwaka unaofuata hajui hata barua pepe yake, mama yake amekaa hapo analia, na lawama zote ni zangu.” Nimewaona wateja wa namna hiyo kwa macho yangu, na nafahamu kwamba kwa familia nyingi daftari lile limeokoa mkopo wa chuo.

Lakini duka lililofikiri hadi kutoboa boksi haliwezi kudai halikufikiri hapa. Huyu ni mtu yuleyule aliyeniambia kwamba kisichokuwepo hakitolewi, na ndani ya droo yake kimo kitu ambacho hakuna kanuni iliyomlazimisha kukitunza, na ambacho kikichukuliwa, iwe kwa amri ya kituo, kwa wizi, au na kijana aliyeachishwa kazi kwa kinyongo, kinafungua akaunti za watu wengi kwa mara moja. Nchini Kenya, tarehe 14 Oktoba 2021, Jaji Jairus Ngaah alibatilisha utoaji wa kadi za utambulisho wa taifa za Huduma Namba kwa sababu serikali ilianza kukusanya na kuchakata taarifa za wananchi kabla ya kufanya tathmini ya athari kwa faragha yao, kama sheria ya nchi hiyo ya mwaka 2019 inavyotaka. Tathmini kwa daftari la Ngamiani isingechukua zaidi ya robo saa: nani analifungua, droo inafungwaje, ukurasa wa mwaka juzi una kazi gani leo. Nilipendekeza kila mteja aandikiwe nywila yake kwenye kadi ngumu, ipitishwe kwenye laminesheni, aondoke nayo, na duka libaki na jina peke yake kwa ajili ya risiti. Shangazi alisema laminesheni ni pesa. Ni kweli, na mimi nadhani wateja wengi wangeilipia wakielezwa sababu.

Intaneti yao haina la kusifiwa wala la kulaumiwa sana: ina kasi ya kutosha kupakua hukumu kutoka TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, na inazidiwa vijana wakitoka shule. Wapo wateja wanaouliza kama kompyuta zina VPN, yaani programu ya kuficha njia ya mawasiliano mtandaoni. Hazina, na tangu Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipotaka watumiaji wa VPN wajitambulishe kabla ya tarehe 30 Oktoba 2023, duka halitaki hata kulizungumza.

Bei iko juu kidogo. Kopi ni shilingi 100 ambapo maduka ya jirani hutoza 50 kwa kazi ya kurasa nyingi, na punguzo halipatikani mpaka uliombe kwa mwenye duka mwenyewe, kwa kuwa vijana wake hawana ruhusa. Umeme ukikatika jenereta inaendesha kompyuta na mashine ndogo tu. Mashine kubwa, ambayo ndiyo yenye ubora nilioueleza, inasubiri. Mwenye kazi ya kitabu kizima afike asubuhi, na Ijumaa ajue kwamba pamefungwa kuanzia saa sita hadi saa nane. Benchi la kusubiria ni finyu na liko juani baada ya adhuhuri.

Kwa kuchapa, kubana na kurudufu nyaraka za siri naipendekeza bila kusita, mradi ufike na flashi badala ya kutuma kwa simu, na mradi umwambie binti wa kaunta arudishe boksi mahali pake kama limewekwa kando, hakasiriki. Kwa kujaza fomu, wajaze, ni hodari na wanazijua tovuti za serikali kuliko wengi wetu, ila nywila iandike mwenyewe kwenye karatasi yako, kisha ukifika nyumbani ibadilishe. Makabrasha yetu yaliyobaki bado nawapelekea wao, na kila nikienda naulizia ile droo. Mara ya mwisho ilikuwa imepata kufuli, daftari lingali ndani.